Njia ya Pajani: Jinsi Vali ya Moyo Ilivyoacha Kupasua Kifua

Tarehe 16 Aprili 2002, katika hospitali ya Charles Nicolle mjini Rouen, Ufaransa, mwanamume wa miaka 57 alilazwa kwenye meza ya chumba cha katheta akiwa hoi. Vali yake ya aota, ule mlango ambao damu hupitia inapotoka moyoni kwenda mwilini, ilikuwa imekakamaa hata ikawa haifunguki. Presha ilikuwa chini mno na moyo ulikuwa umechoka kusukuma. Madaktari wa upasuaji walikuwa wamekwisha kumkataa; kumpasua kifua mtu wa hali ile, walisema, ni kumuua.

Daktari bingwa wa moyo Alain Cribier na wenzake, Hélène Eltchaninoff na Christophe Tron, walikuwa na vali ambayo haijawahi kuwekwa ndani ya binadamu yeyote: vipande vitatu vya utando unaozunguka moyo wa ng'ombe, vilivyoshonewa ndani ya wavu wa chuma, vikaminywa juu ya puto hadi vikaweza kupita ndani ya mrija. Njia waliyoizoea kwenye majaribio ya kondoo ilikuwa ya kupandisha vali hiyo kwa mshipa wa ateri. Lakini ateri za miguu ya mgonjwa huyu zilikuwa zimeziba. Ikabidi waingilie kwenye vena, watoboe ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu vya moyo, wapite vali ya mitrali, wapinde kona ndani ya ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo, ndipo waifikie vali ya aota kwa nyuma. Yote hayo waliyafanya mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi ya pajani na dawa kidogo ya kumtuliza. Puto lilipojazwa na wavu ukafunguka, presha ilipanda palepale na rangi ikamrudi usoni.

Mtu huyo aliishi miezi minne hivi, kisha akafa kwa matatizo ya mguu wake. Vali ilikuwa bado inafanya kazi.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu jambo moja la siku hiyo husahaulika. Leo madaktari wanapojivunia kuweka vali bila nusukaputi, bila kisu na bila kumlaza mgonjwa wiki nzima, watu hudhani ni uvumbuzi wa juzi. Sivyo. Mgonjwa wa kwanza kabisa alitibiwa kwa ganzi, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Baadaye tiba hiyo ikavikwa mazito ya kila aina, na ikachukua zaidi ya miaka kumi kuyavua moja baada ya jingine, safari hii kwa ujuzi, si kwa kukosa namna. Kuvua huko ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Ugonjwa wenyewe ni wa uzee. Kadiri miaka inavyokwenda, madini ya kalsiamu hujijenga kwenye vijani vitatu vya vali ya aota hadi vinakuwa vigumu kama jiwe. Mgonjwa huanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, hubanwa kifua, au huanguka na kuzimia ghafla. Dalili hizo zikishaonekana, asiyetibiwa kwa kawaida huwa na miaka michache tu ya kuishi, na hakuna kidonge kinachoyeyusha kalsiamu hiyo. Tangu mwaka 1960 tiba ilikuwa moja: kupasua mfupa wa kifua, kuusimamisha moyo, kuiachia mashine kazi ya moyo na mapafu, kukata vali iliyoharibika na kushona mpya. Upasuaji huo umeokoa watu wengi sana. Tatizo ni kwamba wanaouhitaji zaidi ndio wasiouweza. Utafiti uliofanywa katika nchi za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba karibu thuluthi moja ya wazee wenye ugonjwa mkali na dalili zake walikuwa hawapelekwi kwenye upasuaji. Walirudishwa nyumbani.

Cribier aliwaona wagonjwa hao kwa miaka mingi, na moyo wake haukutulia. Mwezi Septemba 1985 alijaribu kitu ambacho wengi walikiona ni hatari mno: alipenyeza puto hadi kwenye vali ya aota ya mama wa miaka 72 na kulijaza ili kuipanua. Mama yule akapata nafuu kubwa. Habari zikaenea haraka na hospitali nyingi duniani zikaiga. Lakini furaha haikudumu, maana vali iliyopanuliwa kwa puto hurudi kujifunga, mara nyingi kabla ya mwaka kuisha. Cribier alibaki na swali: kama puto linaweza kuufungua mlango, ni nini kitakachouzuia usijifunge tena?

Jibu la swali hilo lilimjia mtu mwingine kwanza. Mwezi Februari 1989 daktari kijana kutoka Aarhus, Denmark, Henning Rud Andersen, alikuwa Arizona, Marekani, akimsikiliza Julio Palmaz akieleza habari za stenti, vibomba vya wavu wa chuma vinavyopanuliwa ndani ya mishipa myembamba ya moyo. Andersen akawaza: mbona kisitengenezwe kikubwa zaidi, kikawekwa vali ndani yake? Aliporudi kwao alinunua mioyo ya nguruwe, akazikata vali, akakunja nyaya za chuma kwa mikono yake mwenyewe na kuzishona vali humo. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo aliweka ya kwanza ndani ya nguruwe aliye hai. Haikupita hata miezi mitatu tangu wazo lije. Kuchapisha matokeo kukamchukua miaka mitatu. Majarida yalimkatalia mpaka European Heart Journal ilipoikubali makala yake mwaka 1992. Kampuni nazo hazikuona faida. Kila nikiisoma habari hii naumia, kwa sababu katika miaka ile yote wazee walikuwa wanaendelea kurudishwa nyumbani.

Huko Rouen, Cribier alianza na maiti. Aliomba ruhusa ya kuweka stenti ya Palmaz kwenye vali zilizojaa kalsiamu za watu waliokwisha kufariki, kumi na wawili kwa jumla. Alitaka kujua mambo mawili: je, chuma kitashika, au kitateleza? Na je, hakitaziba matundu ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe, ambayo hufungukia karibu sana na vali? Chuma kilishika sana. Hata kukivuta ilikuwa kazi. Matundu yalibaki wazi. Akaenda kwa kampuni moja baada ya nyingine akiwa na matokeo hayo, na zote zikamwambia haiwezekani. Mwishowe, mwaka 1999, yeye na Martin Leon wa Marekani pamoja na Stanton Rowe na Stanley Rabinovich walianzisha kampuni yao ndogo, na vali yenyewe ikaundwa Israeli. Mwaka 2004 kampuni ya Edwards Lifesciences iliinunua kwa dola milioni 125 za Marekani.

Kuanzia hapo tiba ikaingia mikononi mwa watu wengi, na uzito ukaanza kuongezeka. Sababu zake zilikuwa za haki kabisa. Mrija wa kupitishia vali za mwanzo ulikuwa na kipenyo cha milimita 8 hivi, na ateri ya paja la mzee mara nyingi ni nyembamba kuliko hivyo, tena imejaa kalsiamu. Basi daktari wa upasuaji alipaswa kupasua kinena, kuufunua mshipa na kuushona baadaye. Ili kuiona vali sawasawa, walipitisha kifaa cha ultrasaundi kooni hadi nyuma ya moyo, na hakuna anayevumilia kitu hicho kooni kwa saa nzima akiwa macho. Kwa hiyo nusukaputi, kwa hiyo mpira wa kupumulia. Aliyepewa nusukaputi hukojoa kwa mpira. Aliye na moyo dhaifu huwekewa mrija shingoni wa kupima presha ya mapafu. Anayeweza kupatwa na hitilafu ya mapigo huwekewa waya wa muda wa kuusukuma moyo kupitia vena nyingine. Kisha hupelekwa ICU kwa siku kadhaa, kwa tahadhari. Kila kitu kilileta kingine nyuma yake. Mwaka 2005 John Webb wa hospitali ya St. Paul's mjini Vancouver, Kanada, aliifanya njia ya ateri ya paja ipitike kwa uhakika kwa kutumia katheta inayopindika ndani ya upinde wa aota. Wakati huohuo, kwa wale ambao mapaja yao hayakufaa, madaktari wa Leipzig, Ujerumani, na wa Vancouver walianza kupenyeza vali kwenye ncha ya moyo kupitia tundu la kifuani. Ukiingia chumbani siku hizo ungewakuta watu kumi na zaidi wamevaa gauni za upasuaji, mashine ya moyo na mapafu imewekwa tayari pembeni, na katikati yao mzee aliyelala asijue lolote.

Matokeo, hata hivyo, yalikuwa makubwa. Utafiti wa PARTNER, uliochapishwa mwaka 2010, uliwachukua wagonjwa 358 ambao hawakuweza kupasuliwa. Waliotibiwa kwa njia ya kawaida, yaani dawa na pengine puto, asilimia 50.7 walikufa ndani ya mwaka mmoja. Waliowekewa vali kwa katheta walikufa asilimia 30.7. Kwa lugha nyepesi, katika kila wagonjwa watano waliowekewa vali hiyo, mmoja zaidi alibaki hai mwaka ulipotimia. Ni tiba chache sana za moyo zilizowahi kuonyesha tofauti kama hiyo.

Mazito yale yasingeweza kuvuliwa kwa ujasiri peke yake. Kilichoyalegeza, kwa maoni yangu, ni picha ya CT. Miaka ya mwanzo daktari alipima ukubwa wa tundu la vali kwa ultrasaundi, ambayo huliona kwa upande mmoja kana kwamba ni duara, ilhali kwa watu wengi tundu hilo lina umbo la yai. Akikosea kidogo, vali inakuwa ndogo, damu inavuja pembeni, na uvujaji huo unaua. Picha ya CT hulionyesha tundu zima, mzingo wake na eneo lake, na pia huonyesha ateri za mapaja milimita kwa milimita. Vancouver walikuwa miongoni mwa waliolijenga somo hili mapema. Kuanzia hapo, maswali yaliyokuwa yakijibiwa mgonjwa akiwa amelala mezani yalianza kujibiwa siku kadhaa kabla, daktari akiwa mbele ya kompyuta. Saizi ya vali ilijulikana, upande wa kupita ulijulikana. Kifaa cha kooni kikapoteza kazi yake kubwa, na kilipoondoka, nusukaputi ikabaki bila sababu.

Mambo mengine mawili yalikwenda sambamba na hilo. Vali zilizidi kukonda: mrija ulishuka kutoka milimita 8 hadi chini ya milimita 5, tena ukawa na uwezo wa kutanuka vali inapopita na kunywea baada yake. Na madaktari wakajifunza kutega nyuzi za kufungia ateri mapema, kabla ya kuipanua. Sindano inaingia, kifaa kidogo kinaacha nyuzi mbili kwenye ukuta wa ateri zikiwa zimelegea, kisha ndipo mrija mkubwa unapopita katikati yake. Kazi ikiisha, mrija unatolewa, mafundo yanasukumwa chini hadi yanagusa ateri, na tundu linafungwa. Kinachobaki kwenye ngozi ya kinena ni alama ndogo ya kufunikwa kwa bandeji.

Rouen hawakuwahi kuiacha ganzi moja kwa moja. Wao waliendelea nayo wakati wengine walipokuwa wakienda kwenye vyumba vya upasuaji. Mmoja wa waliojifunzia kwa Cribier alikuwa Vasilis Babaliaros, aliyekwenda kufanya kazi katika chuo kikuu cha Emory, Atlanta. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 142. Sabini walitibiwa kwenye chumba cha kawaida cha katheta, kwa ganzi na dawa ya kutuliza, bila kifaa cha kooni. Sabini na wawili walitibiwa kwa utaratibu mzito. Usalama haukutofautiana, siku za kulazwa zilipungua na gharama nayo ikashuka. Utaratibu wao ulishika kasi, na hospitali zikaanza kujiuliza ni kipi kingine kinaweza kuondolewa. Nchini Marekani, matumizi ya dawa ya kutuliza badala ya nusukaputi yalipanda kutoka thuluthi moja hivi ya wagonjwa mwaka 2016 hadi karibu thuluthi mbili mwaka 2019. Ujerumani nako utafiti wa SOLVE-TAVI, uliowagawa wagonjwa 447 kwa kura, haukuona kwamba kutotumia nusukaputi kunamdhuru mgonjwa.

Vancouver ndiko kurahisisha kulikoacha kuwa jambo la daktari peke yake. Huko waliitazama safari nzima ya mgonjwa, tangu simu ya kwanza hadi mlango wa nyumbani, na aliyeshika usukani wa sehemu kubwa ya kazi hiyo alikuwa muuguzi, Sandra Lauck. Hoja yao ilianza na jambo ambalo kila muuguzi wa wadi ya wazee analijua: kitanda cha hospitali ni hatari kwa mtu wa miaka 85. Siku mbili tatu za kulala chali humwondolea nguvu za miguu ambazo pengine hatazirudisha. Mpira wa mkojo humwachia maambukizi. Dawa za usingizi, taa za usiku kucha na kelele za mashine humchanganya akili hadi asimtambue mwanawe. Kwa hiyo mpira wa mkojo ukaondolewa, mrija wa shingoni ukaondolewa, na mgonjwa akatakiwa kusimama na kutembea saa chache tu baada ya ateri kufungwa. Familia iliambiwa mapema, kabla hajalazwa, kwamba mzee huenda akarudi kesho yake, ili awepo wa kumchukua na wa kukaa naye. Ikiwa nyumbani hakuna mtu, hilo lilijulikana wiki kadhaa kabla, si siku ya kuruhusiwa.

Dakika yenyewe ya kuweka vali haikubadilika sana. Vali iliyominywa husogezwa juu ya waya hadi ivuke ile ya zamani, na daktari anaitazama kwenye skrini ya eksirei. Kisha moyo unapigishwa mbio kwa umeme, mapigo 180 au zaidi kwa dakika. Kwa mwendo huo haupati nafasi ya kujaa. Mstari wa presha unaanguka chini kabisa na kubaki ukitetemeka. Puto linajazwa kwa sekunde chache, linanyonywa, umeme unazimwa. Mgonjwa aliye macho anaweza kuhisi kizunguzungu, na yupo muuguzi karibu na kichwa chake anayemwambia kinachokuja. Mstari wa presha unapanda tena, safari hii kwa mawimbi marefu. Hata umeme huo siku hizi hospitali nyingi huupitisha kwenye waya uleule uliobeba vali, badala ya kutoboa vena nyingine. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 303, ulionyesha kwamba njia hiyo inafanya kazi.

Vancouver walitaka kujua kama utaratibu wao unaweza kufuatwa na wengine, zikiwemo hospitali zisizofanya kazi hiyo kila siku. Mwenzao David Wood aliongoza utafiti wa 3M TAVR katika hospitali 13 za Kanada na Marekani, wagonjwa 411, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Asilimia 80.1 walirudi nyumbani siku iliyofuata na asilimia 89.5 ndani ya saa 48. Waliokufa au kupata kiharusi katika siku 30 walikuwa asilimia 2.9.

Ni lazima kusema hapa kwamba wagonjwa hao walichaguliwa. Ateri zao za mapaja zilipitika. Hawakuwa wenye hali ya dharura. Hapo ndipo ninapowaunga mkono kwa moyo wote madaktari wanaokataa kulifanya neno “rahisi” kuwa kaulimbiu. Chini tu ya vali ya aota hupita njia ya umeme wa moyo, na vali mpya ikiibana, mapigo yanaweza kusimama. Mara nyingine hitilafu hiyo haionekani siku ya kwanza, hujitokeza siku ya pili au ya tatu, mgonjwa akiwa sebuleni kwake. Mwenye hitilafu ya tawi la kulia la umeme huo tangu zamani yumo hatarini zaidi ya wengine, na huyo hatakiwi kukimbizwa nyumbani. Kwa hiyo kipimo cha ECG baada ya vali ndicho huamua, pamoja na usiku mmoja wa kufuatilia mapigo. Yule ambaye mapaja hayapitiki, au hawezi kulala chali kwa sababu ya pumzi, huyo nusukaputi na chumba cha upasuaji bado vinamhusu, na kumpa hivyo ni kumtibu vizuri.

Mwezi Machi 2019 utafiti wa PARTNER 3 ulieleza habari za wagonjwa 1,000 wenye hatari ndogo, watu ambao wangeweza kupasuliwa bila shida. Baada ya mwaka, vifo, viharusi na kulazwa upya vikijumlishwa, viliwapata asilimia 8.5 ya waliowekewa vali kwa katheta na asilimia 15.1 ya waliopasuliwa. Tiba iliyoanzia kwa mtu aliyekataliwa na kila mtu ikawa chaguo la watu wenye afya nzuri. Idadi ikaongezeka kwa kasi, na hapo kurahisisha kukawa sharti, kwa kuwa vitanda vya ICU na madaktari wa nusukaputi havikuongezeka kwa kasi hiyo. Utafiti wa BENCHMARK, uliochapishwa mwaka 2024, ulifundisha utaratibu mmoja kwa hospitali 28 za nchi saba za Ulaya. Wastani wa siku za kulazwa ulishuka kutoka 7.7 hadi 5.8 bila usalama kupungua. Ukilinganisha na usiku mmoja wa Vancouver, utaona mazoea yanavyong'ang'ania. Cribier alifariki mwezi Februari mwaka huohuo, akiwa na miaka 79.

Kwetu Afrika Mashariki ugonjwa wa vali una sura nyingine. Utafiti wa REMEDY, ulioshirikisha Kenya, Uganda na Rwanda pamoja na nchi nyingine, uliwaandikisha wagonjwa 3,343 wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na umri wa kati wao ulikuwa miaka 28. Vali hizo mara nyingi hazina kalsiamu ya kutosha kuushika wavu wa chuma, ile aliyoikuta Cribier kwenye maiti zake kumi na mbili, na wengi wa wagonjwa huugua ya mitrali kabla ya ya aota. Vali ya utando wa ng'ombe nayo huchakaa upesi zaidi ndani ya kijana kuliko ndani ya mzee. Mjini Cape Town, Peter Zilla na wenzake wa chuo kikuu cha huko wamekuwa wakibuni vali ya kuwafaa vijana hao. Inabebwa na puto lenye tundu katikati, ili damu iendelee kupita wakati vali inafunguliwa na moyo usihitaji kupigishwa mbio hata kidogo. Nia yao ni kwamba iweze kuwekwa katika hospitali isiyo na mashine ya moyo na mapafu.